Jiwe Kwenye Ncha ya Futikamba

Machi 5, Jumatano

Barua imeletwa na mwendesha pikipiki wa ofisi ya elimu, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Amenisainisha mara mbili kana kwamba ananikabidhi mtoto mchanga.

Ni kurasa mbili. Shule zote ndogo za vijijini ziandike mpango wa uboreshaji wa miaka mitatu: madarasa, vyoo, maji, madawati, na nani atafanya nini. Mwisho wa kupokea ni Mei 30. Shule ambayo mpango wake "hautaridhisha" itabaki na madarasa manne ya chini. La tano, la sita na la saba yatahamia shule ya ng'ambo ya bonde.

Aliyeandika hajawahi kulivuka hilo bonde mwezi wa nne. Mimi nimelivuka, maji yakiwa kiunoni, na mimi ni mtu mzima mrefu. Najua yatakayotokea. Watoto wa miaka kumi na mmoja watavuka wiki mbili, ya tatu watabaki nyumbani kuchunga mbuzi, na hakuna mzazi nitakayemlaumu. Shule itakayobaki hapa itakuwa mlingoti wa bendera na kengele.

Miaka kumi na mmoja nimekuwa mwalimu mkuu hapa. Nimeikunja barua nikaitia mfukoni. Sikuwasomea walimu, wasije wakaanza kuhangaika kabla ya wakati. Mpango nitauandika mwenyewe.

Daftari hili lilikuwa la mwanafunzi aliyehama. Kurasa zake nne za mwanzo ni jedwali la kuzidisha, na saba mara nane amekosea. Nimeanza kuliandika kwa sababu mama watoto yuko mjini kwa binti yetu tangu Januari, alikwenda kumsaidia uzazi kwa wiki sita. Hii ni wiki ya tisa. Nyumba ina viti vinne na mimi nina makalio ya kiti kimoja.

Machi 6

Mvua. Walimu wawili hawakufika. Nimefundisha la sita na la saba pamoja.

Machi 8, Jumamosi

Leo nimepima madarasa. Mwalimu wa darasa la tatu, msichana aliyeajiriwa mwaka jana, alinikuta nikichukua futikamba kabatini. Akasema, "Mwalimu Mkuu, nije nikushikie upande wa pili?" Nikamwambia, "Wewe pumzika, leo Jumamosi. Nitafanya mwenyewe."

Futikamba ilitengenezwa na mtu mwenye mke, hilo nimeligundua leo. Ukishika sifuri huwezi kusoma namba, na ukisoma namba hakuna wa kushika sifuri. Nimeokota jiwe, nikalikalisha juu ya ncha, nikatembea ukutani hadi mwisho wa chumba. Likateleza mara mbili tatu, nikalirudisha. Darasa la nne: mita nane na sentimita arobaini. Nimeandika kila kitu kwa wino mweusi.

Machi 11

Mama watoto amepiga simu saa moja jioni. Nyuma yake mtoto analia, sufuria zinagongana, binti yetu anaita "Mamaa!"

"Baba watoto, hujambo? Uko je huko?"

"Nipo tu."

"Unakula?"

"Nakula tu."

"Haya basi, ngoja nimwogeshe huyu."

Dakika mbili na sekunde kumi na moja. Simu inahesabu, si mimi.

Machi 14, Ijumaa

Fomu inataka maoni ya wanafunzi. Nimeingia darasa la tatu, nikawaambia: "Shule yetu inahitaji paa. Kila mmoja achore." Paa la darasa la nne lina kutu ya kupitisha mwanga, wote wanalijua.

Nikakusanya michoro. Nyumba, nyumba, nyumba. Halafu mchoro wa binti mmoja mdogo anayekaa dawati la mbele, mwenye pengo la meno mawili. Amechora mnyama. Miguu minne myembamba, pembe mbili, macho makubwa, na kamba shingoni iliyofungwa kwenye mlingoti wa bendera. Chini ameandika: PAA WA SHULE.

"Huyu ni nani?"

"Paa, mwalimu. Ulisema shule inamhitaji."

"Na kamba?"

"Asikimbie."

Nimetoka nje nikasimama nyuma ya jiko la shule nikacheka mpaka machozi. Halafu nikaona kosa ni langu. Ningesema "paa jipya", ngeli ingemwokoa. Miaka thelathini nafundisha Kiswahili!

Jioni nimempigia mama watoto nimsimulie. Alikuwa amembeba mtoto. "Amechora nini?" Paa. "Eeh, si ulimwambia achore paa?" Nikaeleza upya, na kichekesho kikielezwa mara ya pili huwa somo. Akasema, "Ahaa," akaniaga.

Machi 16

Mvua. Chai. Nimeanza sura ya vyoo.

Machi 21

Leo nikikata kona ya darasa la tano nimesikia mtoto akiwaonya wenzake: "Mwenyewe anakuja!" Wakanyamaza wote. Nilikuwa sijui kwamba wananiita hivyo. Mwenyewe, yaani mwenye shule. Sikuwaadhibu. Nimepita nimenyoosha mgongo kidogo.

Machi 26

Mwenyekiti wa kamati ya shule amekuja ofisini. Ni fundi wa kushona, mjane, anashona sare za nusu ya watoto wetu, na kila mtu anamwita Mama Cherehani. Daima ana kile kimto cha pini amekifunga kwenye kifundo cha mkono, hata akienda msibani.

"Mwalimu, nasikia kuna barua."

"Ipo, Mama."

"Kamati tunakaa lini?"

"Mpango ukiiva nitawaita. Nisiwasumbue na mvua hizi."

Akaniangalia kwa yale macho ya kukadiria kiuno. "Sisi mvua hii tunalima nayo, Mwalimu. Haitusumbui." Akaondoka.

Nilijisikia nimemfanyia hisani. Watu wana mashamba yao, wana wagonjwa wao. Kazi ya kuandika ni yangu.

Aprili 1

Nimemaliza! Kurasa kumi na tisa kwa mkono wangu, bila kufuta hata neno. Nimempa mwendesha pikipiki, nikamtazama mpaka akapotea kwenye kilima. Nimejipongeza kwa mayai mawili badala ya moja. Nikakaanga, nikala, nikaosha sahani, na saa ikawa bado saa moja kasoro.

Aprili 2

Nipo tu.

Aprili 9

Mwalimu wa la tatu ameleta maembe mawili. Nikamshukuru mlangoni. Alisimama kidogo kama mtu anayesubiri kukaribishwa, halafu akaenda. Nilipaswa kusema karibu. Neno lenyewe fupi.

Aprili 17, Alhamisi

Mpango umerudi.

Umerudi wote, na wino mwekundu, ule ambao mimi ndiye huwasahihishia watu. Maelezo ya afisa elimu ni matatu tu. *Vipimo vya darasa la nne havilingani na idadi ya mabati. Hakuna saini za kamati. Nani atatekeleza?* Chini yake: *Rekebisha kabla ya Mei 30. Hakutakuwa na nafasi nyingine.*

Nani atatekeleza! Nimeandika wazi kila ukurasa nani atatekeleza. Mtu anaketi chini ya feni anauliza swali lenye jibu mbele yake. Nimekasirika hata sikula. Nimeusoma mpango mara tatu na sioni kosa, Kiswahili chake ni safi kama maji ya mtungi.

Aprili 24

Saa nane mchana, watoto wakiwa wamejipanga kwenda nyumbani, upepo ulikuja kutoka bondeni na mvua ya mawe. Nikapiga kelele waingie darasa la kwanza, lenye ukuta mnene. Walipoingia wa mwisho nikasikia sauti kama shuka kubwa linachanwa. Nusu ya paa la darasa la nne iliinuka, ikasimama hewani kama inafikiri, ikaenda. Bati moja tumelikuta juu ya choo cha wavulana, mengine kwenye shamba la jirani.

Hakuna aliyeumia. Nimewahesabu mara nne.

Walipotulia, mwalimu mmoja akasema, "Jamani, paa limepaa." Yule binti wa pengo akanivuta suruali. "Wangu nilimfunga kamba, mwalimu."

Watu wote walicheka, na mimi nilicheka. Lakini nilipobaki peke yangu chini ya lile shimo nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kazini. Mkaguzi akija wiki hii, hana haja hata ya kusoma mpango.

Seremala, ambaye watoto wake wawili wako la tano, amepita jioni. "Mwalimu, Jumatatu nakuja na kaka yangu tulifunike. Usiliguse, mbao zimelowa." Nikamjibu haya.

Aprili 28, Jumatatu

Naandika nikiwa kitandani, mguu wa kushoto uko ndani ya plasta mpaka karibu na goti. Nina muda, basi niandike yote.

Jana Jumapili, saa nne asubuhi, nilichukua ngazi na turubai. Nilijua seremala anakuja kesho yake. Nilijiambia kwamba usiku mvua itaharibu ubao, nilijiambia pia kwamba mtu ana siku moja ya kupumzika, nisimwite. Ukweli ni kwamba nilitaka akija Jumatatu akute limefunikwa. Nilitaka kumsikia akisema, "Lo, Mwalimu!"

Nilifika juu. Nikafunga kona mbili. Ya tatu nikanyoosha mkono, ubao wa paa ukatoka mahali pake, na mimi nikashuka kwa njia fupi.

Nilianguka katikati ya madawati. Mguu ulikuwa chini yangu, umeelekea pasipo pake. Nilijaribu kuinuka nikaona giza. Nikajilaza. Juu yangu lile turubai lilikuwa limening'inia kona mbili, linapepea, na mvua ilianza kudondoka pole pole kwenye shati.

Njia ya watu wanaotoka ibadani inapita hatua thelathini kutoka dirisha lile. Niliwasikia wote. Nilisikia wanawake wakicheka habari za mtu aliyekosea wimbo. Nilimsikia seremala mwenyewe akimwambia mkewe kwamba kesho ana kazi ya shule. Nilimsikia mtoto akililia kiatu. Walipita, wakapungua, wakaisha. Kukawa kimya.

Sikuita.

Najiuliza tangu jana kwa nini. Sauti nilikuwa nayo, mimi huita majina ya watoto mia mbili kila asubuhi bila kipaza sauti. Nililala pale nikipanga jinsi ya kutambaa mpaka mlangoni, na jinsi ya kupata fimbo, na jinsi ya kufika barabarani, yote mwenyewe, kama sura nyingine ya mpango. Nilikuwa naona haya. Pia, na hili ni gumu kuliandika, niliogopa kuita halafu asije mtu.

Saa saba Mama Cherehani alikuja kupima madirisha ya darasa la kwanza kwa ajili ya mapazia, ambayo hakuna aliyemwagiza. Akaona ngazi. Akachungulia.

"Mwalimu? Mungu wangu! Umeanguka sasa hivi?"

"Saa nne."

Alikuwa ameshapiga magoti anaushika mguu wangu, akasimamisha mikono. "Saa nne? Na watu wote wamepita hapa? Umeita hawakusikia?"

"Sikuita, Mama."

Nilidhani atanionea huruma. Alinikasirikia. "Saa tatu nzima umelala hapa na mdomo unao! Ungekufa ungetuacha tuseme nini? Kwamba mwalimu wetu alikufa hatua thelathini kutoka kwetu, tunapita tunacheka?" Akatoka nje akaita yeye. Aliita mara moja. Dakika tano hazikupita, darasa lilikuwa limejaa.

Walinibeba juu ya ubao wa kuandikia. Njiani kwenda zahanati, mtu mmoja akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama Cherehani akajibu, "Na mkuu akivunjika guu, ni la nani hakulisikia?" Wakacheka njia nzima, nami nikiwa juu yao.

Aprili 30

Mama watoto amepiga. "Uko je?" Nipo tu. Sikumwambia. Ataacha mtoto akimbie huku, na kwa nini nimsumbue?

Mei 3

Daktari amesema wiki sita. Huwa ni wiki sita kila kitu.

Mei 6, Jumanne

Mwalimu wa la tatu huja kila siku baada ya masomo na habari za shule. Leo nimesema karibu. Amekaa kiti cha mama watoto. Paa limefunikwa na seremala na kaka yake, kwa saa moja na nusu.

Tulikuwa tunakunywa chai nikamwambia, kwa kujikweza kidogo, kwamba najua watoto wananiita Mwenyewe. Akaangalia kikombe chake.

"Si watoto pekee, Mwalimu Mkuu. Kijiji kizima."

"Basi ni heshima kubwa."

Akakizungusha kidogo, halafu, kwa sauti ndogo: "Ni kwa sababu ukiombwa chochote unasema 'acha, nitafanya mwenyewe'. Wanakuigiza. Hata wapishi wa shule. Mtu akimwambia mwenzake amletee maji anajibiwa, 'Mwenyewe yupo.'"

Nikacheka, maana ningefanya nini? Alipoondoka nimekaa nikiangalia plasta. Zaidi ya mwezi natembea nimenyoosha mgongo kwa sababu ya jina la utani.

Mei 7

Sikutaka kuonana na mtu. Mvua imenisaidia.

Mei 8

Nimemtuma mwalimu wa la tatu kwa Mama Cherehani. Ujumbe wangu: kamati ikae Jumamosi, kwangu, maana siwezi kutembea. Alirudi na jibu: "Amesema, 'Mvua haitamsumbua?'"

Mei 10, Jumamosi

Kwa kawaida nina viti vinne. Leo nimehesabu kumi na saba, kila mtu amekuja na chake kichwani. Sebule ikajaa, wengine wakakaa kizingitini.

Nikamwomba mwalimu wa la tatu awasomee mpango ule uliorudishwa, ili tuone tunaanzia wapi. Ana sauti nzuri. Akaanza:

"'Nitakarabati paa la darasa la nne. Nitachimba vyoo viwili vya wasichana. Nitavuna maji ya mvua. Nitahamasisha wazazi...'"

Hapo kwenye wazazi mtu mmoja akakohoa kicheko. Yule mwalimu akaendelea. Nikaona Mama Cherehani anachomoa pini kutoka ukosi wa gauni lake, moja moja, anazichoma kwenye kile kimto cha mkononi. Kila "nita", pini moja. Ilipofika ukurasa wa kumi pini zikamwishia, akaazima vibanio vya nywele.

Akasoma mpaka mwisho. Mama Cherehani akainua mkono wake.

"Thelathini na moja, na vibanio vinne. Mwalimu, choo cha wasichana, futi ishirini kwenda chini, utachimba mwenyewe? Na hilo guu?"

Walicheka, lakini si kwa ubaya. Nikajitetea. Nikasema ni lugha ya ofisi tu, kwamba "mimi" hapo ina maana ya shule.

"Mimi niliishia darasa la nne," akasema, "katika chumba kilekile kisicho na paa. Nisahihishe nikikosea. Ukitaka kusema sisi, unaanza na nini?"

"Tu."

"Humu ndani sijaisikia hata moja."

"Ipo moja," akasema mwalimu wa la tatu, akafunua ukurasa wa mwisho. "'Ninaomba msaada kidogo tu.'"

Mama Cherehani akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo yake. Mwalimu, tu yako huwa inakaa mwisho wa sentensi. Ya kwetu inakaa mwanzo."

Miaka thelathini nafundisha viambishi, natia alama nyekundu, naandika ubaoni *tu-na-soma, tu-na-lima*, na mshonaji amenisomea kitabu changu chote kwa pini. *Nani atatekeleza?* Yule afisa wa chini ya feni alikuwa anauliza swali la haki.

Nikasema, "Basi tuanze upya."

Tulikaa mpaka saa kumi na mbili. Seremala atachukua paa, na kaka zake. Wazazi wa la tano na la sita watachimba vyoo kwa zamu, na wamejipangia wenyewe zamu zao bila mimi kufungua mdomo. Fundi bomba, mjomba wa yule binti wa pengo, alikuwa hajawahi kuombwa kitu na shule. Alisema hivyo, bila lawama, na hilo liliniuma kuliko lawama.

Walipoondoka kila mtu alichukua kiti chake. Vikabaki vinne. Sijawahi kuviona vichache hivyo.

Mei 13

Wamenibeba mpaka shuleni, kwenye kiti. Seremala anataka vipimo vipya. Kwa kuwa sitembei, nimepewa kazi ya kukaa ukutani na kushika ncha ya futikamba. Seremala akaenda upande wa pili, akasoma.

"Tisa na arobaini."

"Nane na arobaini," nikasema. "Nimepima mwenyewe."

"Tisa, Mwalimu."

Tulirudia. Tisa na arobaini. Lile jiwe lilikuwa limeteleza mita nzima na mimi ninatazama namba. Miaka kumi na mmoja nimekuwa mkuu wa chumba nisichojua urefu wake.

Mei 14

Nimeandika kurasa tano. Tu, tu, tu. Mkono unataka kurudi kwenye ni.

Mei 17

Kuchimba kumeanza. Nasikia majembe kutoka kitandani na vicheko. Wananiletea habari saa sita, saa kumi wanaenda makwao. Jioni nyumba ni ileile.

Mei 21

Mama watoto. Nipo tu. Nimeisikia ile "tu" safari hii, ikinitoka kinywani na kukaa mahali pake pa kawaida, mwisho. Hata hivyo nikakata simu.

Mei 28

Mpango umeondoka, kurasa kumi na mbili, saini kumi na saba na vidole gumba vitatu. Nimeambatisha, kwa hiari ya kamati na si yangu, mchoro wa paa aliyefungwa kamba.

Mei 29 – Juni 9

Kungoja. Plasta inawasha. Sina cha kuandika ambacho si kuwasha.

Juni 11, Jumatano

Barua. Mwendesha pikipiki alinikuta barazani, akanipa kalamu. Nilisaini kabla ya kuivaa miwani.

*Madarasa ya tano, sita na saba yanabaki. Ukaguzi baada ya mwaka mmoja.* Chini, kwa kalamu nyekundu: *Paa huyu asifunguliwe.*

Nimemtuma mwalimu wa la tatu apige kengele. Aliipiga vibaya, mpaka watu wakatoka mashambani wakidhani kuna moto. Kulikuwa na kelele, Mama Cherehani amenipiga bega kama mkeka unaokung'utwa, seremala alilia akasingizia vumbi la mbao. Mvua imekoma wiki mbili sasa, vumbi lilikuwapo kweli.

Halafu wakaenda. Saa kumi na mbili nimepiga simu mjini.

"Baba watoto! Uko je?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nikakifunga.

"Nilivunjika mguu."

"Nini? Lini? Leo?"

"Aprili ishirini na saba."

Nikasikia akimkabidhi mtoto kwa mtu, na mlango ukifungwa. "Leo ni Juni."

"Ndiyo."

"Nani alikuokota?"

"Mama Cherehani."

"Ulimwita?"

"Hapana."

"Wewe!" Halafu akaanza kuongea taratibu. "Wiki zangu sita ziliisha Februari. Kila wiki nakaa na simu nikisema leo ataniambia nirudi. Nakuuliza uko je, unaniambia nipo tu. Unakula, nakula tu. Nikasema basi, mwenzangu anajitosha. Huko naenda kufanya nini?"

Kumbe tulikuwa wawili tunaongoja kwenye laini moja.

"Rudi," nikasema.

"Sikusikii."

Alikuwa amesikia. Namjua.

"Rudi nyumbani, mama watoto. Nakuhitaji."

"Haya," akasema, akapenga kamasi. "Haya."

Juni 14, Jumamosi

Amefika saa tano. Amenizunguka, ameukagua mguu, amefungua sufuria zote na kuzifunika bila kusema neno, ambalo ni neno lenyewe. Begi lake ni dogo. Nimeliona mara moja.

"Siku nne tu," akasema. "Mtoto bado mchanga."

Hiyo tu imekaa mwisho. Mimi si wa kumsahihisha mtu.

Baada ya chai alisimama katikati ya sebule, akaangalia dirisha. Akasema pazia hili limepauka, Mama Cherehani ana kitambaa kizuri cha bluu amekiona akipita, futikamba iko wapi? Nikamwonyesha. Mtu wa siku nne hapimi dirisha.

Tumepima. Mita moja na robo tatu. Mimi nilishika upande wa sifuri.